Mkanda wa Watu Wawili

Kabla Stanley hajabeba kitu chochote kukiingiza katika nyumba ya mtu, alivua viatu. Usije ukadhani ni adabu. Adabu alikuwa nayo, lakini si hapo. Alivua viatu akaitembea njia yote, kutoka langoni mpaka mahali mzigo utakapotua, polepole, kisigino kikigonga sakafu kila hatua, kichwa kakiinamisha upande, akisikiliza. Akifika mwisho alirudi kwa njia ileile kinyumenyume. Wenye nyumba walimcheka. Noordin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Migori, alizoea kuwatahadharisha wateja wake: "Huyu atawachelewesha robo saa. Mvumilieni. Sijawahi kusikia ameangusha kitu."

Na kweli hakuwahi. Milango ya chuma, masinki ya jikoni, matangi ya maji, mawe ya kaunta yaliyong'arishwa ambayo yakigusa ukuta tu yanakatika vipande viwili: vyote alivipandisha ngazi za Migori na Homa Bay kwa miaka kumi na mitatu, yeye na Maroa, na mkanda wao.

Mkanda huo waliupata Isebania. Stanley ni Mluo wa Kendu Bay, lakini ujana wake aliumalizia mpakani akipakia na kupakua malori. Huko ndiko alikojuana na Maroa, Mkuria mfupi, mpana, shingo hakuna, mdomo haufungi. Siku moja friji lilimponyoka mpakiaji mwenzao likamvunja mguu mbele ya macho yao. Kesho yake Maroa akaokota mkanda wa kufungia shehena, ule mpana wa njano, uliotupwa na dereva mmoja. Wakampelekea fundi viatu. Akawashonea vitanzi vya mabegani, viwili kila upande, na katikati mkanda mmoja mrefu wa kupita chini ya mzigo. Ukivaa wewe huku na mwenzako kule, mkichuchumaa kisha mkasimama pamoja, mzigo unanyanyuka wenyewe na mikono yenu imebaki huru. Mabega na miguu ndiyo inayobeba. Vidole havikatiki, mgongo haupindi.

Lakini mkanda huo ulikuwa na ubaya wake, na Stanley aliujua tangu siku ya kwanza. Aliyeuvaa hawezi kuuvua peke yake. Mmoja akianguka, anamvuta mwenzake na mzigo juu yao. Kile kifungo cha chuma cha ubavuni, kikiwa kimebeba uzito, hakifunguki kwa kuvutwa. Sharti ukisukume ndani kwanza, halafu ukiinue. Stanley angeweza kukifungua huku anasinzia. Maroa hakuwahi kujifunza. "Ya nini?" alisema. "Wewe si upo?"

Hivyo ndivyo walivyogawana kazi. Maroa alitangulia, akienda kinyumenyume, uso kwa mzigo, haoni anakokanyaga. Stanley alikuja nyuma ya mzigo, akitazama mbele, akisema: ngazi, kizingiti, kona ya kushoto, inama. Maroa aliweka mguu pale sauti ilipomwambia auweke. Miaka kumi na mitatu hakugeuza shingo hata mara moja. Hebu fikiri wewe ni nani uliyewahi kumwamini namna hiyo. Stanley alimpenda yule mtu, na hakuona haya kulisema.

Sasa nikueleze habari ya mkwe, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Stanley alimwoa Caren wa kijiji cha Kisegi. Alipokuwa bado anachumbia, mvua ilimkuta njiani, akakimbilia nyumba ya kina Caren. Hakukuwa na mtu. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia, giza ndani, na yeye amelowa chapachapa. Akakaa juu ya kitu cha kwanza alichokigusa. Mama Phelesia, mama yake Caren, aliporudi kutoka sokoni alimkuta ameketi juu ya kitanda chake.

Kwa Waluo, kitanda cha mama mkwe si kitu cha kukitazama, seuze kukikalia. Chumba chake hukiingii. Mkono wake huushiki. Mama Phelesia hakupiga kelele. Alingoja Stanley atoke, akaburuta godoro mpaka nje, na godoro lile halikurudi ndani tena. Harusi ilifanyika kama kawaida. Mwaka uliofuata Caren akazaa mtoto wa kiume, na mtoto huyo alipofikisha miezi tisa akapata homa, na siku ya tatu akafa.

Hakuna aliyesema neno mbele ya Stanley. Lakini wazee wana neno lao, chira, mnyauko unaomfuata aliyevunja mwiko, na mara nyingi humruka yeye ukamshika mtoto wake. Caren alipousikia mnong'ono huo alikasirika. "Kama ni hivyo, basi Mungu wetu ana roho ndogo," alisema. Stanley akamwitikia. Kanisani alisema haamini, na nyumbani pia. Ila tangu hapo kila alipokwenda Kisegi aliketi karibu na mlango wa nje, na mama mkwe alimsalimia kutoka ng'ambo ya uwanja, mikono kaifunga mgongoni. Miaka kumi na sita. Baadaye akazaliwa binti yao Mourine, akakua mzima, na Stanley hakutaka kujaribu bahati yake.

Basi mwaka huu Cliff, kaka yake Caren anayefanya kazi Doha, akamaliza kumjengea mama yake nyumba. Magoti ya Mama Phelesia yamevimba, hawezi kuoga kwa kusimama wala kwa kuchutama. Cliff akanunua hodhi ya kuogea, ile watu wa mjini wanayoiita bathtabu. Siyo ya plastiki. Ya chuma cha kusubu, kilo mia moja na arobaini, nyeupe kama yai. Ikashushwa uwanjani Kisegi, ikalala hapo wiki mbili kuku wakiipanda. Kanisa lilikuwa linakuja Jumamosi kuiombea nyumba.

Mama mkwe hampigii mkwewe simu. Alimpigia Caren: "Mwambie baba Mourine alete ule mkanda wake."

Ungekataaje? Mkwe akiombwa haulizi.

Alhamisi saa nne asubuhi Stanley na Maroa walifika. Nyamongo, fundi aliyekuwa anaweka vigae, aliwapokea na kuwaonyesha nyumba. Sebule nzuri, dari nzuri. Halafu akaelekeza kidole kwenye mlango mmoja wa mbao. "Bafu liko huko ndani. Unapita chumba cha mama, kuna kikorido kidogo, halafu bafu."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Stanley aliona ncha ya shuka ya maua, akageuza uso haraka.

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna."

Alizunguka nyuma ya nyumba kulipima dirisha la bafu. Upana wake shubiri mbili, na vyuma vimechomelewa. Akarudi akasema, basi tuvunje ukuta wa nyuma, hodhi ikipita Nyamongo aujenge upya. Mama Phelesia alikuwa ameketi kivulini mbele ya jiko, ng'ambo ya uwanja, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Nyumba haijaombewa, mnaanza kuibomoa?" aliuliza, akimtazama Nyamongo. "Mnataka watu waniite nini?"

Stanley akainamisha kichwa. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali na hakuna jani lililotikisika. Kuna siku nyingine kila mlango unaougusa umefungwa, na mtu mwenye akili angerudi nyumbani akalale. Lakini ungemwambia nini mama mkwe?

"Sikia, omera," Maroa akasema. Kiluo chake kilikuwa maneno kumi, na hilo, la kumwita mtu ndugu, alilipenda kuliko yote. "Wewe ni mkwe, mimi si mkwe wa mtu hapa. Nyamongo avae upande wako. Wewe tuongoze mpaka mlango wa chumba, halafu yeye aendelee. Ni hatua ngapi kwani?"

"Sijaitembea njia."

"Nitaitembea mimi."

Maroa akaingia. Na viatu vyake vizito vya saiti, maana yule hakuwahi kuvivua kwa ajili ya mtu. Stanley alisimama sebuleni, macho chini, akasikiliza. Hatua tatu, nne, tano, za simenti, zote sawa. Halafu moja ambayo haikuwa sawa na zile. Ilijibu kwa sauti nene kidogo. Halafu za simenti tena.

Stanley akainua kichwa.

"Maroa! Rudia hiyo hatua ya karibu na mwisho."

"Ipi?"

"Hiyo kabla ya bafu. Ikanyage tena."

Maroa alitokeza akicheka. "Omera, tutalala hapa? Ni mlango umegonga ukuta."

"Kuna shimo huko?" Stanley akamgeukia Nyamongo.

"Njia safi," Nyamongo akasema. "Mimi hupita hapo kila siku na ndoo mbili za simenti, moja kila mkono."

Hakudanganya. Nataka uelewe hivyo, maana watu wa Kisegi walimwita mwongo baadaye, na hakuwa mwongo. Pale kwenye kikorido kulikuwa na chemba ya maji machafu, kina chake kimo cha mtu, na Nyamongo alikuwa ameifunika kwa plaiwudi akitandaza gunia juu, akingoja kifuniko cha zege. Plaiwudi ile ilimbeba kila siku, yeye na ndoo zake. Kwake haikuwa shimo tena. Ilikuwa sakafu.

Stanley angesema, hapana, ngoja. Angemwambia Nyamongo aondoe kila kitu kilicholala chini huko ndani mpaka simenti ionekane. Alifungua mdomo. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama sasa, ameshika nguzo ya jiko kwa sababu ya magoti yake, anawatazama. Stanley akaona haya kuonekana anaulizauliza habari za chumba kile kama mtu anayetaka sababu ya kuchungulia. Akafunga mdomo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ndivyo tulivyofundishwa, na siku ile msemo huo ulimdanganya.

Alimvika Nyamongo vitanzi vyake mwenyewe. Alivikaza, akamwonyesha kifungo. "Sukuma ndani, kisha inua. Umeona?" Nyamongo akasema ameona. Waliosema wameona kwa mara moja ni wengi.

Wakachuchumaa, wakasimama. Hodhi ikaondoka ardhini. Stanley alitembea kando yake, sauti yake ileile ya siku zote: ngazi ya kwanza, ya pili, kizingiti, inua kidogo, kulia, nyooka. Maroa alikuja kinyumenyume, jasho linamtiririka puani, akimkonyeza. Sebule ikaisha. Wakafika kwenye mlango wa mbao, na Stanley akausukuma kwa ncha ya vidole bila kutazama ndani.

"Mimi nimefika mwisho," alisema. "Maroa, sasa msikilize Nyamongo."

"Sawa, bosi."

Mgongo wa Maroa ukaingia chumbani, hodhi ikafuata, na Nyamongo nyuma yake, shingo imemtoka mishipa. Stanley alibaki ameshika fremu ya mlango, uso kaugeuzia ukuta wa sebule. Alimsikia Nyamongo akisema, "Njoo, njoo, njoo." Si ngazi, si kizingiti, ni njoo tu. Alihesabu hatua. Nne. Tano.

Ya sita ilisikika kama kuni kavu inayovunjwa kwa goti.

Halafu kishindo cha chuma, nyumba nzima ikatetemeka, na Nyamongo akapiga yowe. Maroa hakupiga yowe. Stanley aligeuka, na kwa mara ya kwanza akatazama ndani moja kwa moja. Aliona kitanda, na shuka ya maua, na mto. Ng'ambo ya kitanda, pale kikorido kinapoanzia, aliona hodhi imeinama, mdomo wake umezama, na Nyamongo amelala juu yake kifudifudi, akirusha miguu. Mkanda ulikuwa umemvuta akaanguka juu ya chuma. Maroa alikuwa chini ya vyote viwili, nusu yake ndani ya chemba, ukingo wa hodhi umemkalia kiunoni.

"Kifungo!" Stanley akapiga kelele kutoka mlangoni. "Nyamongo, sukuma ndani kwanza! Ndani!"

Nyamongo alikuwa anakivuta. Anakivuta kwa mikono miwili, anatweta, na kila alipopapatika hodhi ilizidi kushuka.

"Usivute! Sukuma!"

"Stanley," Maroa akaita. Hakuita kwa nguvu. Aliita kama anavyoita akitaka kupewa maji.

Mguu wa Stanley ulinyanyuka. Naapa ulinyanyuka. Ukafika juu ya kizingiti, ukabaki hewani. Mbele yake kulikuwa na kile kitanda, na njia ya kumfikia Maroa ilipita ubavuni mwake, karibu kiasi kwamba suruali yake ingegusa shuka. Akamwona Mourine, binti yake, amevaa sare ya shule. Akamwona yule mwingine, wa miezi tisa, mdomo umemkauka. Hakuwaza, watu hawawazi wakati kama huo. Mwili wenyewe ndio uliokataa. Mguu ukarudi chini upande wa sebule.

"Stanley," Maroa akaita tena, na safari hii sauti ilikuwa na mshangao ndani yake.

Alisimama. Alisimama kwa muda ambao mtu angesali Baba Yetu mpaka Amina, bila haraka. Jasho lilimwingia machoni. Alisema, "Nakuja," na hakuja.

"Stan—"

Ndipo akahisi kitu kikimpiga mgongoni. Viganja viwili. Mama Phelesia alikuwa ameuvuka uwanja na sebule kwa magoti yale, bila fimbo, na yule mwanamke ambaye kwa miaka kumi na sita hakumpa hata kidole alimsukuma kwa nguvu zake zote.

"Ingia! Mtu anakufa! Ingia, wewe!"

Akaingia. Alikanyaga kitanda, alipita juu yake na viatu, akakisukuma kifungo ndani, akakiinua, kikafunguka kwa sekunde moja. Nyamongo akabingirika kando. Wakainua hodhi, yeye na Nyamongo na Mama Phelesia, mikono mitupu, na vidole vya Stanley viwili vikakatika ukucha. Wakamtoa Maroa kwenye chemba. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa anatazama dari.

"Sisikii miguu," alisema.

Gari la jirani lilimfikisha hospitalini Homa Bay. Daktari alisema uti wa mgongo umebanwa, na akasema umebanwa kwa muda. Stanley hakumuuliza muda mfupi zaidi ungeleta tofauti gani. Alikaa kwenye benchi la nje siku ya kwanza na ya pili. Jumamosi kanisa lilifika Kisegi likakuta nyumba imefungwa.

Jumapili Priscilla, mke wa Maroa, alitoka wodini akamwambia, "Anakuita." Hakumtazama usoni. Hakuwa na hasira, alikuwa hajaelezwa bado.

Maroa alikuwa amelala kiubavu, mto umewekwa nyuma ya mgongo ili asigeuke. Uso wake ulikuwa umepungua katika siku tatu. Stanley aliketi. Priscilla akasimama upande wa miguuni, akiikanda miguu ile ingawa mwenyewe alikuwa haisikii.

"Nilikuita," Maroa akasema.

"Nilisikia."

"Ulikuwa wapi?"

Njiani kote tangu Kisegi Stanley alikuwa ametayarisha majibu matatu au manne. Alikuwa nyuma ya nyumba. Alikimbilia panga la kukatia mkanda. Yote yalikuwa mepesi kuyasema na hakuna ambaye angeyapinga, kwa maana Mama Phelesia hangesema, na Nyamongo alikuwa ameinamia chuma.

"Mlangoni," alisema.

"Mlango wa nje?"

"Wa chumba."

Mikono ya Priscilla ikaacha kukanda. Mzee wa kitanda cha pili alikohoa. Wakuria nao wana wakwe zao na vyumba vyao wasivyoviingia, na Maroa alikuwa na mama mkwe pale Isebania ambaye hajawahi kula naye sahani moja.

"Hata mimi ningesimama," alisema mwishowe.

Stanley alianza kulia.

"Ungeniita mara ya kwanza, ningesimama," Maroa akasema. "Ya pili ningeingia."

Kisha akamwomba Priscilla amgeuze upande wa pili.